Naomba ushauri: nitotoleshe mwenyewe au niagize vifaranga?

Habari zenu wafugaji wenzangu. Niko Buswelu hapa Mwanza, nafuga kuku wa kienyeji, na nataka kuongeza kundi ili Krismasi inikute na majogoo ya kuuza.

Mitetea yangu inaatamia vizuri sana, ila kila mmoja na wakati wake, kwa hiyo vifaranga wanapishana umri na kuwachanja kideri kwa pamoja inakuwa kazi. Ndiyo maana nafikiria mashine ya kutotoleshea. Kanuni zake nazijua: joto nyuzi 37.5, mayai yageuzwe mpaka siku ya 18, kisha unyevu uongezwe kusubiri siku ya 21. Hofu yangu ni umeme. Ukikatika usiku kucha, mayai yaliyokaribia kuanguliwa yanapona? Mwenye betri au sola anieleze inamudu saa ngapi, na kwa mashine ya mayai mangapi.

Njia nyingine ni kuagiza chotara kutoka Dar kwa basi. Najua kifaranga anazaliwa na akiba ya kiini tumboni, anaweza kukaa siku mbili bila kula. Lakini boksi likiwekwa kwenye buti lenye joto, hewa je? Nawahurumia kwa kweli. Faida ninayoiona ni chanjo ya mareksi (ule ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku), maana inatolewa siku ya kwanza palepale wanapototoleshwa, na huku nyumbani sijui nitaipata wapi kwa vifaranga wachache.

Walioagiza wakapokelea stendi ya Nyegezi, walifika wakiwa na hali gani?