Ghorofa za wenye kipato cha chini: biashara ya nyumbani itafanyikia wapi?

MkaziTandale: Habari za jioni, wanajukwaa. Mtaani kwetu tunajadiliana kuunganisha viwanja vyetu ili tujenge ghorofa. Nyumba zetu ni zile za Kiswahili, zenye korido katikati, vyumba pande zote mbili, kibaraza mbele na uwani nyuma. Mama anakaanga vitumbua kibarazani tangu alfajiri, uwani lipo jokofu la barafu, na vyumba viwili tumepangisha. Mchoro tulioletewa una sebule, jiko na vyumba viwili vya kulala, basi. Tudai nini kabla haujapitishwa?

FundiMichoro: Dada, kwanza orodhesheni kila kazi inayofanyika majumbani, hata ya cherehani moja, kwa sababu mchoraji hawezi kutengea nafasi kazi asiyoijua. Wapishi na wenye magenge wapewe vyumba vya chini vinavyotazama njia, vyenye kibaraza kipana kinachotosha jiko na benchi la wateja bila kuziba wapita njia. Msiridhike na ahadi ya fremu za maduka: fremu hulipiwa kodi kila mwezi, nayo huishia kwa mwenye mtaji, wala si kwa mama wa vitumbua.

MsomajiNairobi: Naongezea suala la wapangaji, maana kwa kaya nyingi kodi ya chumba ndiyo inayotegemewa kuliko biashara yoyote. Mradi wa Dandora hapa kwetu, ulioanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uligawa viwanja vyenye choo na maji, wenyewe wakajenga vyumba kidogo kidogo na kupangisha baadhi yake. Baadaye ploti nyingi zilipandishwa ghorofa hadi ua ukakosa mwanga, kwa hiyo wekeni kikomo mapema. Ombeni chumba kimoja chenye mlango wake wa nje, ili mpangaji asipite sebuleni kwenu.

BintiWaUmeme: Shikamooni wakubwa. Tafadhali msisahau mita. Mteja wa daraja la D1, yaani la matumizi madogo ya umeme nyumbani, akivuka uniti 75 kwa mwezi hutozwa bei ya juu zaidi, na jokofu la barafu pamoja na wapangaji kwenye LUKU moja (mita ya umeme wa kulipia kabla) huzimaliza upesi. Kila chumba cha kupangisha kiwe na mita yake, na jiko la mkaa lisiruhusiwe ghorofani pasipo bomba la kutolea moshi.