Tahadhari na msimamo katika tasnifu: kigezo ni kipi?

Mwanatasnifu
Ndugu wanataaluma, ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu walimu wa sayansi wa sekondari wanaochanganya Kiswahili na Kiingereza darasani. Nilipoandika kwamba kuchanganya lugha "kunaongeza uelewa wa wanafunzi", msimamizi wangu aliuliza pembeni: "Umethibitisha wapi?" Nikatia "huenda" na "inawezekana" karibu kila aya, naye akauliza: "Msimamo wako uko wapi?" Nipime kwa kigezo gani?

Mhariri wa Makala
Tenganisha kwanza ulichokiona, sababu unayodhani imekileta, na upana wa dai lako. Ulichokiona hakihitaji "huenda": "Walimu waliohojiwa walisema kwamba hutumia Kiswahili wanapofafanua dhana ngumu" ni sentensi thabiti, kwa kuwa mahojiano unayo. Lakini ikiwa hukuwapima wanafunzi wenyewe, kusema kwamba uelewa wao umeongezeka ni kudai jambo ambalo data yako haikuligusa. Hapo andika "maelezo ya walimu yanaashiria". Binafsi napendelea kulibana dai kuliko kulijaza tahadhari, kwani "katika shule zilizochunguzwa" humpa msomaji mpaka anaoweza kuukagua, ilhali "huenda ikadhaniwa kwamba" haimwambii lolote.

Msomaji wa Tabianchi
Wapo waliokwenda mbali zaidi wakaupa uhakika vipimo. Katika ripoti za Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC), kila neno la uwezekano lina kiwango chake: linalomaanisha "yaelekea" huanzia asilimia 66, na "yaelekea sana" asilimia 90. Mwaka 2007 walisema yaelekea sana kwamba sehemu kubwa ya ongezeko la joto tangu katikati ya karne ya 20 ilitokana na gesi zinazozalishwa na binadamu; mwaka 2013 wakapanda hadi asilimia 95; na mwaka 2021 wakaandika bila kusita kwamba binadamu ameipasha joto angahewa, bahari na nchi kavu. Ripoti hiyohiyo ilibakiza tahadhari katika mambo mengine mengi, hasa ya kikanda.

Mwalimu wa Isimu
Nakubaliana na Mhariri, ila kulibana dai pekee hakutoshi. Tasnifu isiyothubutu kutoka nje ya shule zake haina mjadala. Sura ya mjadala ndiyo mahali pa kusema matokeo yanadokeza nini kwingineko, na tahadhari huko ni halali kabisa. Tahadhari inayoniudhi ni ile ya woga, kama vile kuandika "inasemekana Kiswahili ni lugha ya Kibantu" wakati ngeli na upatanisho wa kisarufi vinalithibitisha jambo hilo waziwazi. Aidha, ukiona umeandika "bila shaka" au "ni dhahiri kwamba", kagua sentensi hiyo mara moja, kwa maana mara nyingi maneno hayo hushika nafasi ya ushahidi uliokosekana.

Usisahau ikisiri. Wengi husema "yanaashiria" katika sura ya matokeo, kisha ikisiri ikatangaza kwamba "utafiti umethibitisha", na mtahini huanza kusoma hapo.