Plasta ya insulini badala ya sindano: ipo iliyo tayari kutumika?

Mama Mdogo
Wakuu, naomba msaada wa wanaojua. Mtoto wa dada yangu, miaka 11, ana kisukari aina ya kwanza. Anachomwa insulini ya mchanganyiko 30/70 (ya haraka na ya polepole) asubuhi na jioni kwa bomba. Kwenye makundi ya WhatsApp linazunguka tangazo la plasta ya kubandika kitovuni, eti inashusha sukari bila sindano. Plasta hizi zina insulini kweli? Na zile za visindano vidogo zilizotangazwa kwenye habari zimefikia wapi?

Mfamasia_Ngamiani
Dada, kwanza lililo la hatari: mtoto asikose hata dozi moja kwa ajili ya plasta hiyo. Kongosho lake halitengenezi insulini. Mkiisimamisha, ndani ya siku moja au mbili, wakati mwingine mapema zaidi, ketoni (tindikali zinazotoka kwenye mafuta mwili unapokosa insulini) zinajaa kwenye damu: anatapika, tumbo linauma, anahema kwa kina na kwa haraka, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva sana. Hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Plasta ya kawaida haiwezi kupitisha insulini. Tabaka la juu kabisa la ngozi lina unene wa maikromita 10 hadi 20 tu, lakini linazuia karibu kila molekuli inayozidi daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Nikotini ni daltoni 162, ndiyo maana plasta za kuachia sigara zinafanya kazi. Insulini ni kama 5,800, na tena si rafiki wa mafuta. Kitovuni au mgongoni, haipenyi. Muulize muuzaji ina yuniti ngapi na inahifadhiwa kwa joto gani. Akianza kuzungumzia mitishamba, mmeshapata jibu.

Polima
Za visindano ni utafiti wa kweli, ila hazijafika dukani. Zinakwepa kizuizi alichoeleza Mfamasia kwa kulitoboa lile tabaka la juu kwa visindano vifupi kuliko milimita moja.

Kundi la mtafiti Zhen Gu huko North Carolina, Marekani, lilitoa yake mwaka 2015: visindano zaidi ya 100 kwenye kipande cha ukubwa wa sarafu, kikajaribiwa kwa panya. Ndani yake kulikuwa na kimeng'enya kinachokula glukosi na oksijeni. Sukari ikipanda, oksijeni inapungua, vifuko vya insulini vinavunjika. Tatizo la njia hiyo ni kwamba kimeng'enya kinazalisha haidrojeni peroksaidi, ambayo inaudhi ngozi na kuharibu insulini yenyewe. Toleo la mwaka 2020, Gu akiwa UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles), liliacha kimeng'enya na kutumia polima (molekuli ndefu kama mnyororo) yenye asidi ya fenilboroniki: glukosi ikijishika nayo, polima inavimba na kuachia insulini. Kwenye nguruwe wadogo wa kilo 25 hivi, plasta moja ilidhibiti sukari kwa saa kama 20.

Kigumu kilichobaki ni kufunga mlango. Sukari ikishuka, plasta lazima iache kutoa insulini upesi, na ile iliyokwisha kuingia chini ya ngozi hairudi. Kwa mtoto aliyelala, hiyo ni hatari kubwa. Kisha kuna ujazo: mtu wa kilo 60 anayetumia yuniti 30 kwa siku anahitaji takriban miligramu 1 ya insulini, na ncha za visindano hubeba kidogo mno.

Msichanganye na vibandiko viwili vilivyopo. FreeStyle Libre inapima sukari tu, haitoi dawa. Omnipod inatoa insulini, lakini ni pampu yenye kijimrija kinachoingia chini ya ngozi, ya kubadilishwa kila siku 3. Kijimrija kikikunjika, ketoni huanza baada ya saa chache, kwa sababu pampu hutumia insulini ya haraka peke yake na mwilini hakuna akiba.

Mama Mdogo
Asanteni sana, nimeelewa. Basi tufanyeje? Sindano zinamliza, na mapajani ana uvimbe laini.

Nesi_Kliniki
Pole, dada. Huo uvimbe ni mafuta yaliyovimba kwa kuchomwa pale pale. Watoto hupapenda kwa kuwa hapaumi sana, lakini insulini ya hapo hunyonywa ovyo: leo sukari juu, kesho inaanguka.

Pumzisheni mapaja hadi uvimbe uishe, hata miezi. Hamieni tumboni, mbali kidogo na kitovu, na makalioni. Kila sindano iachane na ya jana kwa upana wa kidole. Angalizo kubwa: ngozi isiyo na uvimbe hunyonya vizuri zaidi, kwa hiyo dozi ile ile inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Zungumzeni na daktari kuhusu kupunguza dozi kabla ya kuhama, na siku za mwanzo mpimeni mara nyingi, hata usiku.

Kuhusu maumivu: chupa inayotumika isitoke kwenye baridi moja kwa moja kwenda mwilini. Ivingirisheni viganjani mara 10 na kuipindua mara 10 hadi iwe nyeupe sawasawa. Msiitikise kwa nguvu. Spiriti ikauke kwanza. Sindano mpya kila mara, maana ncha hupinda baada ya kutumika. Kwa bomba lenye sindano ya milimita 6, finyeni ngozi, ingizeni kwa mshazari, sukumeni taratibu, hesabuni hadi 10 ndipo mtoe. Mkipata kalamu yenye sindano ya milimita 4, bora zaidi: ngozi ni kama milimita 2 hivi, inatosha kufika kwenye mafuta bila kugusa msuli.