Naomba msaada: dawa au chakula cha kupandisha kinga kwa mzee mwenye kidonda cha unyayo

KijanaWaKangani
Asalaam alaykum ndugu zangu. Tafadhalini msinijibu kwa mizaha, leo siku ya nne sijapata usingizi.

Baba yangu ana miaka 67, mkulima wa karafuu, tuko Kangani hapa Pemba. Ana kidonda chini ya unyayo wa kushoto, karibu na kisigino. Kilianza doa jeusi, akasema ni mwiba umevunjikia ndani. Sasa kinga yake ya mwili imeshuka, amekonda na hana nguvu. Nataka kujua ni chakula gani au dawa gani ya asili inayopandisha kinga haraka. Kuna dawa ya kusaga nimeelekezwa, inatoka bara, ya miezi miwili ni 350,000. Aliyewahi kuitumia aniambie.

MamaSahani
Waalaykum salaam mwanangu, pole na mzee. Mpe supu ya pweza asubuhi kabla hajala kitu, majani ya mlonge yakaushwe kivulini, na habasoda kijiko kimoja kwenye asali. Mimi nilipojifungua mtoto wangu wa tatu nilikuwa siwezi hata kusimama kusali. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alinipikia hivyo siku arubaini na nikarudi shamba.

Muuguzi wa Zamu
Pole sana. Kabla ya pweza: doa hilo lina muda gani? Limewahi kukatwa kinyama likapimwa? Na kwenye kinena cha kushoto pana mtoki?

KijanaWaKangani
Lina muda kidogo. Ahsante Mama Sahani, mlonge tunao. Kuhusu ile dawa ya kusaga, hakuna anayeijua?

Nahodha wa Zamani
Vidonda vya unyayo visikuhadaeni. Shemeji yangu wa Wete alikanyaga msumari bandarini, hakusikia maumivu, kumbe ana sukari. Walikuja kumkata mguu chini ya goti. Mpimeni sukari mzee huyo leo leo. Mimi tangu siku ile situmii sukari kwenye chai, na safarini nilikuwa navaa viatu hata ndani ya jahazi, watu wakinicheka.

Afya_Bora_99
Dawa hiyo ilimponya shangazi yangu kabisa. Njoo pembeni nikuelekeze.

Muuguzi wa Zamu
Kijana, nimekuuliza masuala matatu, umejibu nusu ya moja. "Muda kidogo" ni wiki au mwaka? Nani aliyekwambia kinga imeshuka, na kwa kipimo gani? Sikugombezi. Nimefanya kazi wodini miaka mingi na namjua mtoto anayeficha karatasi mfukoni.

KijanaWaKangani
Mwaka na miezi mitano.

Walimkata kinyama, kikapelekwa Dar. Majibu yalirudi kabla ya Ramadhani. Pameandikwa melanoma, saratani ya ngozi, unene milimita 4.2. Na mtoki upo, kama kokwa ya embe, una mwezi hivi. Baba hajui. Nimemwambia ni uchafu wa mwiba.

Miadi ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, ilikuwa wiki mbili zilizopita, sikumpeleka. Msinihukumu. Wazee wote hapa wanasema ugonjwa huu ukiguswa na chuma unasambaa, na kweli mtoki umekuja baada ya kile kinyama kukatwa. Nimesoma pia kwamba saratani hii inaua kinga. Nikaona nipandishe kinga kwanza, apate nguvu, ndipo tuzungumze habari ya kisu. Nusu ya pesa ya dawa nimeshatuma.

Kiboko Mnono
Saratani ya ngozi si ya wazungu? Mzee wa karafuu ameipatia wapi, chini ya mguu!

Muuguzi wa Zamu
Fikra hiyo ndiyo inayotuchelewesha. Ndugu zetu wenye ualbino huipata usoni, masikioni, shingoni, kwa jua, na mara nyingi ni aina nyengine. Melanoma kwetu weusi hupenda unyayo, kiganja na chini ya kucha, pasipopigwa na jua. Kwa hiyo watu husema mwiba, husema jiwe, husema kiatu.

Kijana, hicho kinyama hakikuleta mtoki. Doa lilikuwa na mwaka mzima likifanya kazi yake. Mtoki ni tezi, na tezi za kinena ndiyo kambi ya askari wa kinga, yaani chembe nyeupe za damu, wanaoulinda mguu. Saratani ikiondoka unyayoni kwa njia ya limfu, yaani maji ya mwilini yanayopita kwenye tezi, hapo ndipo inapofikia kwanza. Kwenye panya wa maabara imeonekana kwamba melanoma hutanguliza vifuko vidogo mno mpaka kwenye tezi, vikaiandaa ipokee mgeni kabla yeye hajafika.

Sasa suala lako la kinga. Umelisoma kweli, ila umelifahamu vyengine. Kinga ya Baba haikushuka kama maji ya mtungi, ukamiminia asali ikapanda. Askari wapo. Kila askari wa aina ya T ana breki, tumeumbiwa hivyo ili wasitushambulie wenyewe. Breki moja inaitwa PD-1. Chembe ya melanoma hujivika kitu kinachoitwa PD-L1, na hicho ndicho kinachoikanyaga breki ile. Askari anafika, anaikuta saratani uso kwa uso, anasimama. Juu ya hayo saratani huita upande wake askari wengine, wale kazi yao kutuliza vita, ikamwaga na kemikali za kuwalaza waliobaki. Kila inapoenea inaizidi kinga kwa namna hiyo.

Mwaka 2018 James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Nobel ya tiba kwa kuonesha kuwa breki hizo zinaweza kuachiliwa. Dawa zake ni za dripu, ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 2011. Sikufichi, bei yake ni kubwa sana, hazimfai kila mgonjwa, na askari wakishaachiliwa wanaweza kuuvamia utumbo au ini la mgonjwa mwenyewe. Lakini hakuna mti uliosagwa unaoachilia breki hiyo. Kwa Baba yako kisu ndicho cha mwanzo: kukata unyayoni, na kuuchunguza mtoki. Milimita 4.2 ni nene. Usingoje apate nguvu, kwani ugonjwa ndio unaomla nguvu.

Abu Salmaa
Dada kasema vyema. Mimi nasikitika na jambo moja. Unamficha baba yako mwili wake mwenyewe. Ana haki ya kuandika wasia, kulipa madeni, kuomba radhi. Kujitibu ni katika dini yetu, na kombe atakunywa njiani, halimzuii kupanda boti.

Nahodha wa Zamani
Kidole cha Bob Marley! Alidhani ni jeraha la mpira, 1977, wakamwambia ni melanoma chini ya ukucha. Hakukubali kidole kikatwe, ikapanda. Akafariki Miami Mei 1981, miaka 36 tu. Siku ile tulikuwa bandarini Mkoani tunasikiliza redio, vijana wote kimya.

Jicho la Mwewe
Na hapo ndipo ninapotia shaka. Hadithi ya Bob Marley kila mtu anaijua, huyu kaichukua akaihamishia Kangani, akabadilisha mpira kuwa mwiba. Jina lake limefunguliwa wiki hii, uzi mmoja tu. Bei ya dawa ameitaja mwenyewe kabla hajaulizwa, na mara akatokea Afya_Bora_99, naye jina jipya, "njoo pembeni". Mwezi uliopita tuliletewa mama mgonjwa wa Tumbatu kwa mtindo huu huu, watu wakatuma pesa. Wasimamizi, fungeni.

Kiboko Mnono
Duh, nilitaka kuulizia na mimi hiyo dawa.

MamaSahani
Astaghfirullah. Na mimi nimekaa namlilia mtu asiyekuwepo?

KijanaWaKangani
Bwana Mwewe, natamani iwe hadithi.

Usiku Baba hawashi taa ili tusimuone anavyokwenda chooni, anajishika ukuta kwa mkono mmoja na mguu wa kushoto anakanyagia vidole. Asubuhi naona alama za mkono ukutani. Jana ameniuliza kamba yake ya kupandia mikarafuu nimeiweka wapi, anataka kuitazama kabla ya vuli. Nikamwambia sijui, na kamba nimeilalia mimi chini ya godoro, nikihofia atapanda.

Huyo Afya_Bora simjui. Lakini namba aliyonipa pembeni ni ile ile niliyotumia pesa. Sasa hivi haipokei.

Jicho la Mwewe
Namba ile ile? Basi uliyeibiwa ni wewe. Nimekosea, niwie radhi. Peleka ujumbe wa muamala polisi, na wasimamizi wamfungie huyo 99 kabla hajanasa mwengine.

Muuguzi wa Zamu
Pesa tutaizungumza baadae. Nenda kwanza hospitali iliyokukatia kinyama, omba rufaa upya na ile nyama iliyohifadhiwa kwenye nta, waihitaji Dar. Chukua karatasi yenyewe, usipige picha tu. Mtoki usiukande wala usipigwe chuku. Na mwambie Baba leo, kabla hajapanda boti na watu wa Ocean Road wakamwambia wao.

KijanaWaKangani
Nimemwambia baada ya Isha. Hakusema kitu muda mrefu. Kisha akauliza mguu utabaki au hautabaki, nikasema sijui. Akaniambia nimletee kamba. Ameikunja, amempa mdogo wangu.

Tunaondoka Mkoani Jumamosi.

MamaSahani
Mungu awafikishe. Muuguzi, na asali niliyosema, haitamdhuru?

Muuguzi wa Zamu
Haimdhuru mama, almuradi sukari yake wameipima. Mfungieni na maji ya kutosha, njiani kuna jua.