Mwanangu ana sikoseli, wenzake darasani wamuogopa. Kuna gemu ya kuwaelewesha?

MamaMtongwe
Hamjambo jamani. Mwanangu yuko gredi 4 hapa Likoni, ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa selimundu. Juzi karudi skuli na chupa ya maji imejaa vile vile nilivyomtilia asubuhi, kumuuliza ndio aniambia akinywa atoka kwenda msalani kila saa na wenzake wamcheka, na kuna mmoja kawaambia ukikaa naye deski moja na wewe macho yatakuwa manjano. Ticha washaongea nao lakini maneno yaingia huku yatokea kule. Nimeona Marekani kuna dubu wa kuchezea aitwa Jerry the Bear, ana kisukari aina ya 1, watoto wampima sukari, wamdunga insulini ya kuigiza, waelewa wakicheza. Cha sikoseli mwajua?

FundiWaKisauni
Mimi nilimtengenezea binti wa dadangu kwa Scratch, ile programu ya kutengenezea gemu iliyotoka chuo cha MIT Marekani, bure, ukishaiweka kwa kompyuta haitaki bando na ukitaka waigeuza iwe Kiswahili. Nilichora mrija ndio mshipa wa damu, seli nzima duara kama kaimati, zile mbovu zimepinda kama mundu. Kaimati zateleza zapita, mundu zanasana zaziba njia, hewa haifiki, mtoto wa kwa gemu ashika goti alia. Mchezaji achagua: maji, sweta, kupumzika, kuita mtu mzima.
Sasa sikia nilipokosea, mwanzo ukibonyeza maji mundu zote zageuka kaimati. Nesi mmoja akanambia hapo wawadanganya watoto, maji yapunguza kuziba, hayageuzi seli, mtoto aweza kunywa maji vizuri na bado akaumwa, halafu wenzake waseme ni kosa lake hakunywa. Nikabadilisha, sasa mara nyengine maumivu yaja tu.
Na ya macho weka pia. Kaimati yaishi kama siku 120, mundu siku 10 hadi 20 ishavunjika, na zikivunjika nyingi hivyo ndio macho huwa manjano. Kitoto kimoja kikasema "aah kumbe ni takataka za damu", basi nikaiacha hivyo hivyo. Na kuambukiza hakuna, mtu azaliwa nayo.

TichaMstaafu
Mamangu, kwanza muulize mwenyewe kama ataka. Kuna watoto hawapendi kabisa kufanywa somo la siku. Mtoto wa kwa gemu apewe jina jengine, na mwanao asisimamishwe mbele kueleza. Halafu hiyo ya msalani, samahani, hapo shida si watoto ni mwalimu, mtoto wa sikoseli hafai kunyoosha mkono kuomba ruhusa mbele ya watu 50. Kubalianeni atoke kimya kimya. Gemu haitatatua hilo.

MamaMtongwe
Ahsanteni sana. Ticha wake nshamuona, kakubali atoke bila kuomba na chupa ikae juu ya deski. Mwenyewe nimemuuliza jana tukila, kanyamaza weee, kisha kasema sawa lakini yule wa kwa gemu avae jezi ya timu ya Bandari na asilie, ashike goti tu. @FundiWaKisauni hilo la kulia laweza kutolewa?

FundiWaKisauni
Dakika mbili. Nitumie inboksi nikupe faili, jezi mchoreni wenyewe.