Gazeti la chama limenigombanisha na ami yangu, wakubwa wamepatana, sasa gazeti halionekani

Jamani, nina hasira na leo nasema. Atakayenitukana shauri yake.

Kabla ya uchaguzi lilikuwa likitujia hapa Amu, mji wa Lamu, gazeti la chama cha upinzani. Sitaji chama gani, wenye kujua wajua. Kurasa nane, bure. Linashuka na basi mpaka Mokowe, linavuka na boti, na adhuhuri bunda liko Mkunguni linanisubiri mimi. Mimi kwa sababu wazee wa baraza letu hapa Langoni macho yamechoka, na msomaji wao ndiye mimi. Tukitoka kuswali alasiri nasoma kwa sauti mpaka inapoadhiniwa magharibi. Nililolisoma, isha ikifika liko kila nyumba. Redio gani itashinda hiyo?

Na lilikuwa tamu, nisiseme uongo. Magazeti makubwa ya Nairobi huikumbuka Lamu kukiwa na mashambulizi au mashindano ya punda. Hili lilituandikia bandari na wavuvi. Ile hukumu ya Mahakama Kuu ya Malindi ya 2018, fidia ya Sh1.76 bilioni kwa wavuvi walioathiriwa na bandari, haikutoka ukurasa wa kwanza: pesa ziko wapi, nani amezikalia, tupeni kura mzione. Mtu ambaye pale alipokuwa akitega nyavu sasa panapita meli, akisomewa hayo kila wiki atampigia nani kura?

Polepole nikaanza kusema kama gazeti. Sikuwa nasema tena "serikali", nasema "wezi". Ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, alikuwa upande wa pili. Siku moja akanambia mbele za watu: "Mwanangu, soma kwanda chini kabisa, uyue aliyelipia wino." Nikamjibu jawabu ambalo siwezi kuliandika hapa. Mwaka mzima tukawa hatuamkiani. Na nyinyi mnazijua njia zetu, kichochoro ni cha punda mmoja. Mmoja wetu lazima ajibanze ukutani mwengine apite, na hakuna anayefungua mdomo.

Halafu wakubwa wakanywa chai pamoja.

Toleo lililofuata lilikuwa na picha ya viongozi wa chama wakicheka na wale wale wezi. Wavuvi? Hata mstari mmoja. Yakaja matoleo mengine mawili membamba, kisha kimya. Nilimpigia simu aliyekuwa akituma mabunda, akanambia kazi ile imekwisha. Kazi! Kumbe mimi nilikuwa kibarua na sijui, tena wa bure, maana hata fulana yao niliifulia mwenyewe ikachujuka mara moja.

Sisemi chama kisiwe na gazeti. Sauti ya TANU lilikuwa gazeti la chama, na kwa yaliyoandikwa humo juu ya maofisa wa kikoloni Nyerere alishtakiwa 1958, akasimama kizimbani, akatozwa faini ya Sh3,000. Unguja, enzi za siasa za kabla ya mapinduzi, watu walijua gazeti la Mwongozi ni la upande wa chama cha Hizbu na Afrika Kwetu ni la wapinzani wao, ASP. Ukinunua, unajua umenunua nini. Tanzania Daima, la kampuni ya familia ya Mbowe wa Chadema, chama cha upinzani huko Tanzania, lilifutiwa leseni Juni 2020, miezi michache tu kabla ya uchaguzi. Hata Uhuru, la CCM wenyewe, chama tawala, lilisimamishwa siku 14 mwaka 2021 kwa kuandika kwamba Rais Samia hana nia ya kugombea 2025. Hakuna serikali inayohangaika na karatasi isiyogeuza fikra za watu. Lakini hayo yalifungwa na wengine. Letu halikufungwa na mtu. Limenyamaza lenyewe, mdomo umejaa pilau.

Mtasema tuanzishe la kwetu. Kwa pesa gani? Mwaka 2002 sheria ya Kenya iliipandisha dhamana ya mchapishaji gazeti kutoka Sh10,000 hadi Sh1,000,000. Nani hapa Amu anayo, zaidi ya hao hao wenye wino?

Idd nilikwenda kumpa mkono ami. Alinipokea vizuri, nikanywa kahawa, yakaisha. Barazani ndiko hakujaisha. Sasa nikifungua gazeti lolote, hata lile la kununua kwa pesa yangu, kabla sijasoma kichwa cha habari kuna mzee atauliza: "Hilo ni la nani?" Miaka yote nikiwasomea hawakuwahi kuniuliza hivyo.

Ninachodai kwa chama hicho ni toleo moja tu la mwisho. Kurasa nane nyingi, mbili zinatosha. Ya kwanza mtuandikie fidia ya wavuvi imefika wapi. Ya pili mtueleze wale mliotwambia ni wezi waliacha lini kuiba.

Mabunda yaliyobaki chini ya ngazi nimempa mama wa mahamri afungie. Nakala moja nimeizuia, ile yenye wavuvi mbele na ahadi ya mgombea nyuma. Iko juu ya kabati. 2027 akishuka botini pale Mkunguni atanikuta nimekaa na wazee wangu, na nitaisoma kwa sauti.