Darubini ya kuangalia ndege ukiwa botini, 8x42, 10x42 au 7x50?

Kijana_wa_Pangani: Wakuu habari za jioni. Nataka darubini ya kuangalia buabua na shakwe nikiwa baharini, nimebaki na hizo tatu (namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili upana wa kioo cha mbele kwa milimita). Ipi itanifaa? Nalipia Ijumaa.

Mzee_Chongoleani: Mdogo wangu, boti gani? Bajeti je? Unavaa miwani? Ngalawa na boti ya faiba hazichezi sawa, hatuwezi kukujibu hivyo.

Dada_Mikoko: 10 achana nayo. Inakuza ndege na mtetemeko wa mkono inaukuza vilevile, boti ikipanda wimbi unaona mbingu tu. Chukua 8x42.

Mvuvi_DeepSea: 7x50 dada. Gawa 50 kwa 7, mwanga unaotoka kwenye kioo una upana wa kama milimita 7, boti irukeruke picha haikupotei haraka. Sisi tunatoka giza bado halijaisha, tunatafuta buabua wanaojitupa majini maana chini yao ndo kuna jodari.

Dada_Mikoko: Kaka nyingi zinakaribia kilo moja, hiyo ni shingo ya nani? Na za baharini nyingi unarekebisha kila jicho peke yake.

Mvuvi_DeepSea: Unarekebisha mara moja tu, ndege wa mbali hugusi tena.

Raskazone_B: Kabla ya namba ulizeni kama inazuia maji jamani. Mimi nilichukua 10x50 kwa muuzaji mmoja Dar akaniapia ni wotapruf, kipindi cha kusi tukatoka Ushongo kwenda Maziwe, lile fungu la mchanga baharini huku Pangani, maji yakaturukia mara mbili nikaifuta kwa kanga ya mke wangu. Kufika kwenye fungu buabua wamejaa, wamesimama wote wameelekeza midomo kwenye upepo, naweka jicho naona ukungu mtupu, nafuta nafuta kumbe uko ndani. Nikaianika ukaondoka, jioni ukarudi, baadaye kuvu ikaota kwenye lenzi kama utando wa buibui. Na ile kanga ilikuwa na punje za chumvi, kioo chote mikwaruzo. Tafuta iliyojazwa naitrojeni, hewa kavu ya kuzuia ukungu ndani, isuuze kwa maji yasiyo na chumvi KABLA ya kufuta.

Kijana_wa_Pangani: Samahani wakuu, boti ni faiba futi 23, bajeti laki sita, miwani navaa. Zile za Canon zinazotuliza picha je?

Dada_Mikoko: Zinatumia betri na bei inapita hapo mbali. Kwa miwani angalia nafasi ya jicho, yaani umbali wa jicho na kioo ambao bado unaona picha nzima, isipungue milimita 15.

Mzee_Chongoleani: Mmenikumbusha Maziwe. Ilikuwa na mivinje pale na kasa wanataga, leo bamvua, yale maji makubwa, likija fungu lote linazama, mayai yanahamishiwa Ushongo. Ukienda usishuke kuwatimua ndege.

Raskazone_B: Mzee bila kushuka utawaona vipi vizuri?

Mzee_Chongoleani: Si ndo darubini anayonunua?

Kijana_wa_Pangani: Kwa hiyo 8 au 7?

Mvuvi_DeepSea: Usilipe Ijumaa. Njoo Deep Sea pale Tanga Jumamosi alfajiri ushike yangu, dada naye alete yake.

Dada_Mikoko: Naleta, bahari isichafuke tu.